Muhogo, nazi na posho: historia ya chungu kimoja mu Musonoi



Kuna swali ambalo limerudi mara nyingi katika mikutano yetu, na safari hii litafika mbele ya mkutano mkuu. Banamama wa kamati ya jiko wanaomba kwamba kila tunapopokea jamaa mpya zilizorudi, tupike chungu kikubwa cha muhogo, viazi vitamu na magimbi ndani ya tui la nazi, pamoja na tembe za tapioka na sukari kidogo, kinywewe kingali moto. Wengine wanakataa. Sababu zao ni mbili. Ya kwanza: nazi ni ghali, heri ile pesa inunue unga. Ya pili inasemwa kwa sauti ya chini, lakini ndiyo nzito zaidi: muhogo ni chakula cha njaa, mgeni hapokelewi na muhogo.

Nimeombwa kuandika juu ya historia ya chakula hiki, ili tukipiga kura tujue tunapigia kura kitu gani. Nimeona kwamba ndani ya chungu kile kuna historia yetu siye wote: wale waliokimbia mwaka 1977 na 1978, wale waliofukuzwa mwaka 1993, wale walioishi mu kambi za Zambia na Tanzania, na hata wale ambao hawakutoka Musonoi hata siku moja lakini posho iliwatoka.

Kitu chenyewe

Kwanza tuseme ni kitu gani, maana baadhi ya wafadhili wetu hawajakiona. Mizizi inakatwa vipande, inapikwa laini, kiisha inaongezwa tui la nazi, sukari, chumvi kidogo na tembe ndogo za wanga wa muhogo, zile zinazoitwa tapioka. Kinachopatikana ni kati ya uji na mchuzi mtamu. Kinaliwa na kijiko, asubuhi ya baridi au jioni.

Pwani ya Tanzania na Kenya, ndugu zetu Waswahili wanapika cha karibu sana na hicho. Mwezi wa Ramadhani, jua likitua, mezani kuna muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, na viazi vitamu au ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui, sukari na iliki. Zanzibar kuna pia vipopoo, tonge ndogo za unga zinazochemka ndani ya tui tamu. Mbali zaidi, Malaysia na Singapore wanakiita bubur cha cha: viazi vitamu, magimbi, tembe za wanga na nazi. Ufilipino kuna ginataan, na katika visiwa vya Visayas kuna binignit, ambayo Wakatoliki wanaipika hasa Ijumaa Kuu. Waislamu wa pwani yetu wanafungulia saumu kwa mizizi na nazi, na Wakatoliki wa Visayas wanapika mizizi na nazi siku ya kutokula nyama. Watu hawa hawakuketi pamoja kupatana. Vitu vyenyewe vilisafiri, na kila mahali mikono ya wapishi ikafika karibu palepale.

Muhogo ulitoka magharibi

Wengi wetu tunadhani muhogo ni wa mababu tangu mwanzo wa dunia. Hapana. Muhogo ni wa Amerika ya Kusini. Wenyeji wa Brazil walikuwa wameulima kwa maelfu ya miaka, na neno tapioka limetoka mu lugha yao, Kitupi. Wareno waliuleta pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, pamoja na mahindi. Karanga na viazi vitamu navyo ni vya Amerika.

Kutoka pwani ile muhogo ulipanda bara kwa miguu ya wafanyabiashara na kwa mkono wa watawala. Dola ya Walunda, ambayo kiti chake cha Mwata Yamvo kilikuwa magharibi ya hapa kwetu, ndiyo ilikuwa njia kubwa. Muhogo ulifaa kwa dola ya namna ile: unakaa ardhini mwaka mmoja au miwili bila kuoza, nzige hawaumalizi, na msafara ukipita unaweza kuchimbuliwa siku hiyohiyo. Walunda walipokwenda mashariki na kusimika ufalme wa Kazembe kwenye Luapula katika karne ya 18, muhogo ulikwenda nao. Wareno Monteiro na Gamitto walipofika kwa Kazembe mwaka 1831, waliukuta ndio chakula kikubwa cha nchi.

Kabla yao kulikuwa na watu wawili ambao ningependa watoto wetu wawajue. Pedro João Baptista na Amaro José walikuwa pombeiro, yaani Waafrika wafanyabiashara waliotumwa na bwana wao Mreno. Walitoka Angola mwaka 1802, wakapita kwa Walunda, wakavuka nchi hii yetu ya Lualaba na ya shaba, wakakaa miaka kwa Kazembe, wakafika Tete, Msumbiji, mwaka 1811. Kiisha wakarudi Angola kwa njia ileile. Walivuka Afrika kwenda na kurudi, wakati Livingstone hajazaliwa au akiwa bado mtoto. Mizigo ya watu wa namna ile ilikuwa ya biashara, lakini tumbo lao liliendeshwa na unga wa muhogo.

Kwa hiyo mtu anayesema muhogo ni wa wenyeji na wengine ni wageni, amesahau kwamba muhogo wenyewe ni mgeni aliyepokelewa vizuri.

Nazi ilitoka mashariki

Nazi ilikuja upande mwingine. Minazi ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa bahari, kutoka Asia, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na magimbi pia yalianzia Asia. Pwani ndiko watu walikojifunza kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua tui zito na tui jepesi, na kupika karibu kila kitu ndani yake: wali, samaki, majani, maharage, mizizi.

Katika karne ya 19, Sayyid Said alipohamisha makao yake kutoka Oman hadi Zanzibar, misafara ya pembe na ya watumwa ilizidi kuingia bara: Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, hadi Nyangwe na Kasongo, ambako Hamed bin Muhammed, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na enzi yake. Kusini kidogo, Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, akajenga Bunkeya na dola ya Garenganze, akauza shaba, pembe na watu, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa na mfalme Leopold. Tusipambe historia hii. Njia iliyotuletea lugha ya Kiswahili ndiyo iliyobeba watu katika minyororo.

Nazi yenyewe haikuweza kukaa kwetu. Mnazi unataka joto na hewa ya chini, na Kolwezi iko zaidi ya meta 1 400 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu inauma mpaka mbabula inaingizwa karibu na kitanda, jambo ambalo ni hatari, na kila mwaka tunawakumbusha msifanye. Lakini namna ya kupika ilipita pale mti uliposhindwa. Bara, penye nazi pakawekwa karanga. Sombe ya karanga, lenga-lenga ya karanga, muhogo wa karanga: wazo ni lilelile, kukipa chakula cha shambani mafuta na utamu. Kwetu mu Katanga na kwa jirani zetu wa Zambia kuna hata kikanda, mizizi ya porini inayotwangwa na kupikwa pamoja na karanga mpaka inashikamana kama mkate. Siye hatukungoja nazi ili kujua kwamba mzizi na mafuta ni marafiki.

Neno posho

Misafara ilituachia pia neno moja ambalo kila mtu wa Musonoi analijua: posho. Mpagazi kwenye njia ya Zanzibar alipewa posho, fungu lake la chakula au kitambaa cha kununulia chakula. Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka 1906, na reli kutoka Rhodesia ilipofika Elisabethville mwaka 1910, mfanyakazi wa mgodi naye akapewa posho. Lakini sasa posho ilikuwa na sura mpya: unga wa mahindi, ambao mwanzoni ulitoka sana kusini kwa reli ileile.

Kampuni ilipenda mahindi kwa sababu zinazoeleweka. Yanapimwa kwa kilo, yanasagwa kwa mashine, yanakaa ndani ya magunia, yanasafiri kwa behewa. Muhogo mbichi unaharibika siku mbili tatu baada ya kuchimbuliwa. Tangu miaka ya 1927 na 1928 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto mu kampo, na watu wakaletwa kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Mwaka 1937 Kolwezi ikaanzishwa kuwa kituo cha migodi ya magharibi, na kampo za wafanyakazi zikakua, Musonoi ikiwa mojawapo. Kila juma watu walipanga mstari, wakapokea unga, maharage, samaki kavu, mafuta, chumvi.

Hapo ndipo heshima ya chakula ilipobadilika. Bukari nyeupe ya mahindi ikawa chakula cha mtu mwenye kazi. Muhogo ukawa wa kijijini, wa mtu asiye na kartasi. Tena serikali ya kikoloni ilikuwa inalazimisha vijiji kulima mashamba ya muhogo kama akiba ya njaa, na asiyelima alipigwa faini au kufungwa. Basi muhogo ukapata alama mbili mbaya kwa pamoja: njaa na jela. Yule ndugu anayesema leo kwamba mgeni hapokelewi na muhogo, anarudia maneno yaliyotungwa kwenye mstari wa posho. Simlaumu. Hata mimi nimelelewa na maneno hayohayo.

Lakini posho haikuwa zawadi. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na mishahara ikabaki chini, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi wagomaji mu Elisabethville, na wengi wakafa, pamoja na Léonard Mpoy aliyewasemea. Chakula kinachotoka mkononi mwa mtu mwingine kina bei yake, hata kama hakuna bei iliyoandikwa.

Miaka ya kukimbia

Sasa tufike kwa yale tunayoyakumbuka wenyewe, au wazazi wetu wanayakumbuka.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitenga, mpaka Januari 1963. Mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, ikawa baadaye Gécamines. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia yetu ya kwenda bahari ya magharibi. Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola, na tarehe 13 Mei 1978 waliiteka Kolwezi yenyewe. Tarehe 19 Mei askari wa Ufaransa wakaruka na miavuli. Watu wengi waliuawa, weusi na weupe, na jamaa nyingi zilikimbilia Angola na Zambia kwa miguu. Njiani hakukuwa na magunia. Kulikuwa na mashamba ya muhogo ya watu wa mpakani, Walunda, Wachokwe na Waluvale, ambao kwao muhogo haujawahi kuwa aibu. Wazee wetu waliorudi baada ya msamaha wanasema waliishi kwa mihogo na majani yake.

Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilibomoka. Uzalishaji wa Gécamines, ambao katika miaka ya 1980 ulipita tani 400 000 za shaba kwa mwaka, ulishuka mpaka karibu tani 30 000 mwaka 1994. Mshahara ukachelewa, posho ikapungua. Ni katika njaa hiyo siasa ya chuki ilipata moto. Mwaka 1992 mu Likasi, na mwaka 1993 hapa kwetu Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walilala kwenye vituo vya treni majuma na miezi wakingoja behewa, na watoto wengi na wazee walifia pale au njiani. Wengi wao walizaliwa hapa. Kasai walikuwa wanaijua kwa jina tu. Baadhi ya wanachama wetu ni hao, au ni watoto wao. Na baadhi ya wanachama wetu ni jirani waliobaki, waliochukua nyumba, au waliowaficha watu. Tunakaa mu mkutano mmoja, na si jambo dogo.

Kundi la tatu ni la vita vya 1996 na 1998. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 upande wa Kigoma, Lugufu mwaka 1997. Zambia kulikuwa na Mwange na Kala, na Meheba ya zamani upande wa Solwezi. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, Mwange na Kala mwaka 2010. Mu kambi, posho ilirudi: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, kwa kadi na kwa mstari. Neno lilelile, mstari uleule, miaka themanini baadaye. Kila mahali banamama waliuza sehemu ya unga ili wapate kitu kingine, hasa mihogo na viazi vya wenyeji. Na ni wale waliotoka upande wa Tanzania walioturudia na upishi wa tui: walijifunza kwa jirani na sokoni. Chungu tunachobishania kilifika Musonoi hivyo, ndani ya vichwa vya wanawake waliorudi bila mzigo.

Wale ambao hawakukimbia nao walionja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na wengi wao pesa iliisha kabla ya kujua kazi nyingine. Siku hizo nyuma ya nyumba nyingi za kampo, penye maua ya zamani, palipandwa muhogo.

Ukitazama vizuri, ni hadithi ileile mara tatu. Unga unakuja na bwana, na bwana akienda unga unakwenda. Muhogo unabaki.

Namna ya kutengeneza

Banamama wameniomba niweke njia kamili, maana kila mtu anaisema tofauti. Hiki ni kipimo cha watu kumi hivi.

Tapioka. Kongo ni kati ya nchi zinazolima muhogo mwingi kuliko zote duniani, baada ya Nigeria. Lakini nchi inayouza wanga wa muhogo nje kuliko zote ni Thailand. Kwa hiyo tusinunue pakiti, tutengeneze. Chukua kilo mbili za mihogo mitamu, menya, osha, ikune. Changanya na maji mengi, kamua ndani ya kitambaa safi. Yale maji meupe yaache yatulie masaa matatu au manne, kiisha mwaga maji ya juu polepole. Chini utakuta wanga umeganda. Ongeza maji safi, koroga, acha utulie tena, mwaga. Huo ndio amido ambao mama zetu waliutumia kupigia pasi mashati ya Jumapili. Uache ukauke nusu, usugue juu ya chujio ili uanguke kama tembe ndogo, kiisha uzungushe tembe juu ya kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka nje zishikamane. Zianike. Zinakaa miezi.

Mizizi. Nusu kilo ya muhogo mtamu, nusu kilo ya viazi vitamu, nusu kilo ya magimbi, ndizi mbivu mbili za kupika. Toa uzi wa katikati ya muhogo. Magimbi yaive kabisa, yasipoiva yanawasha koo.

Tui. Nazi mbili zilizokunwa. Maji ya vuguvugu vikombe viwili, kamua: hilo ni tui zito, liweke pembeni. Ongeza vikombe vinne, kamua tena: tui jepesi. Kama hakuna nazi, robo kilo ya karanga zilizotwangwa laini na kuchanganywa na maji vikombe sita inafaa vizuri sana, na kwetu ndiyo itakuwa njia ya kawaida.

Kupika. Chemsha muhogo na magimbi kwa maji mpaka vilainike, mwaga maji yale. Tia tui jepesi, viazi na ndizi, chumvi kidogo, sukari vijiko sita au vinane, iliki kama ipo. Pembeni, chemsha kikombe kimoja cha tembe ndani ya maji yanayotokota, ukikoroga, mpaka ziwe kama kioo na kubaki nukta nyeupe katikati. Ziingize chunguni. Mwisho kabisa tia tui zito, moto mdogo, usiache litokote kwa nguvu, litakatika. Anayepika kwa karanga aache zichemke vizuri tangu mwanzo.

Onyo mawili. La kwanza: si kila muhogo ni mtamu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na haufai kwa chungu hiki. Huo uloweke siku tatu au nne, ukauke, ndipo usagwe. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo, ambao unapoozesha miguu ghafla, na baadaye ulionekana pia Msumbiji na Tanzania. Unawapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila maharage wala samaki, hasa wakati wa ukame na vita, pale ambapo mama hana nafasi ya kungoja siku tatu. Konzo ni ugonjwa wa haraka na wa ufukara.

La pili ni la kwetu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven walitangaza utafiti wao juu ya Kasulo, hapa Kolwezi: walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa watu, na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Kwa hiyo tusipande mizizi karibu na marundo ya mgodi wala pale madini yanapooshwa, hata kama ile ardhi ni tupu na iko karibu. Menya maganda manene, osha mara mbili kwa maji safi.

Tunachoombwa kuamua

Sasa maoni yangu, na mko huru kuyakataa.

Juu ya bei, wanaosema nazi ni ghali wana haki. Nazi inayouzwa Kolwezi imepanda barabara ndefu, na malori mengi ya njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa yanashuka na shaba na kobalti yetu. Nashauri nazi tuinunue mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano mkuu. Siku nyingine zote tupike kwa karanga. Kwa hivyo kile chungu hakitakula sanduku la msaada.

Juu ya heshima, nasema mgeni apokelewe na muhogo. Tulipowapokea watu na meka ya unga peke yake, tuliwapa kitu kizuri, lakini tulirudia ishara ya mstari: wewe ni mpokeaji. Chungu kinacholiwa pamoja kinasema neno jingine. Tena hiki kina sifa moja ambayo sombe na bukari hazina. Mu Kolwezi kila mtu anajua bukari ya nani ni ya muhogo, ya nani ni ya mahindi, ya nani ni ya kuchanganya, na katika miaka mibaya watu walitambuliwa na kutukanwa hata kwa chakula. Chungu hiki hakina mwenyewe. Muhogo ni wa Brazil, magimbi na nazi ni za Asia, upishi ni wa pwani, karanga zilivuka bahari. Hakuna kabila linaloweza kusema: ninyi mmekuja kula chakula chetu.

Kwa wafadhili wetu naongeza neno. Fomu zenu zinatuuliza kilo za unga na lita za mafuta tulizogawa, na tunajibu kwa uaminifu. Zinaweza kutuuliza pia vijiti vya muhogo tulivyopanda? Kijiti ni kipande cha shina cha sentimeta 20 hadi 30. Kikitoka kwenye shamba safi, lisilo na ugonjwa wa batobato unaokunja majani, kinatoa chakula baada ya mwaka mmoja hivi, na shina lake linatoa vijiti vingine vya kumpa jirani. Hakuna gunia linalozaa gunia. Viazi vitamu vinasaidia katikati, maana vinavunwa baada ya miezi mitatu hadi mitano. Gharama kubwa si vijiti, ni ardhi: mashamba ya karibu yanaendelea kuliwa na migodi, na yaliyobaki yako mbali, yanadai nauli. Nauli ya kwenda shambani haijawahi kuwa na mstari wake katika bajeti yetu. Naomba iwekwe.

Basi mbele ya mkutano mkuu kuna mambo matatu ya kupigia kura: chungu cha mapokezi, cha karanga kwa kawaida na cha nazi mara moja kwa mwaka, shamba la vijiti la pamoja, mbali na marundo, na nauli ya wanaolilima. Wanaojua shamba safi lenye mihogo mitamu watuambie kabla ya mvua za Novemba, ili vijiti vikatwe kwa wakati. Na mama yeyote anayepika kwa namna nyingine alete njia yake, tutaiandika katika jarida lijalo.